Jifunze: Jinsi Maktaba ya Chuo cha Afya Inavyomfikia Mgonjwa Hospitalini

Mkazi wa kaunti, hebu fikiria hali hii. Saa nane za usiku mama anafika hospitalini akiwa amembeba mtoto wa miaka miwili. Mwili wa mtoto unawaka homa, mikono na miguu imekuwa baridi, na anapumua kwa shida. Afisa wa kliniki aliye zamu anampokea. Ana dakika chache tu za kuamua: ampe mtoto huyu maji mengi ya dripu kwa haraka, au ampe taratibu huku akiutibu ugonjwa wenyewe?

Uamuzi atakaoufanya usiku huo una chimbuko lake. Aliupata darasani, wodini alipokuwa mwanafunzi, na katika maktaba ya chuo alichosomea. Kama maktaba hiyo ilikuwa na vitabu vya zamani pekee, huenda na uamuzi wake ukawa wa zamani. Ndiyo maana somo la toleo hili linahusu jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii tunapopanga foleni hospitalini: maktaba za vyuo vya afya, na teknolojia mpya zinazotumiwa humo kuwafundisha watu wanaotutibu.

MALENGO YA SOMO

Ukimaliza kusoma makala haya utaweza:

1. Kueleza kazi ya maktaba ya chuo cha afya.
2. Kueleza, kwa mfano wa kweli kutoka Afrika Mashariki, kwa nini mhudumu wa afya anahitaji elimu mpya kila mara.
3. Kutaja teknolojia zinazotumiwa na maktaba hizi, faida zake na mipaka yake.
4. Kutumia hatua wanazofundisha wakutubi ili kupima habari za afya zinazokufikia kwenye simu.

MAKTABA HII NI YA AINA GANI?

Wengi tunaijua maktaba ya umma, mahali pa kuazima kitabu cha hadithi au pa watoto kudurusu wakati wa likizo. Maktaba ya chuo cha afya inafanana na hiyo kwa rafu na meza, lakini kazi yake ni nyingine. Inawahudumia wanafunzi wa udaktari, uuguzi, ufamasia, maabara na afya ya umma, pamoja na walimu wao na mara nyingi wahudumu wa hospitali iliyo karibu. Kwa sababu hiyo maktaba nyingi za aina hii zimewekwa pale pale wagonjwa walipo. Wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi wana maktaba yao katika eneo la Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Mjini Eldoret, wale wa Chuo Kikuu cha Moi husomea karibu na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Nacho Chuo cha Mafunzo ya Kimatibabu cha Kenya (KMTC), kilichoanza mwaka 1927, sasa kina kampasi zaidi ya 70 katika sehemu mbalimbali za nchi, na huko ndiko wanakofunzwa wauguzi na maafisa wa kliniki wengi tunaokutana nao zahanati.

Tofauti kubwa iko katika kile kinachosomwa. Kitabu cha tiba huchukua miaka kuandikwa, kuhaririwa na kuchapishwa. Kinapofika rafuni, baadhi ya mambo yaliyomo huwa tayari yamepitwa na wakati. Elimu mpya ya tiba hutokea kwanza katika majarida ya utafiti, ambayo hutolewa kila wiki au kila mwezi. Kwa hivyo mwanafunzi wa afya anahitaji vitu viwili: kitabu cha kumpa msingi, na njia ya kuyafikia majarida ili ajue ni kipi kilichobadilika. Njia hiyo ya pili ndiyo inayotegemea teknolojia.

FUNZO KUTOKA KILIFI, MUHEZA NA MBALE

Turudi kwa yule mtoto wa saa nane za usiku. Kwa miaka mingi madaktari kote duniani walifundishwa kwamba mtoto aliye na homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri mwilini apewe maji mengi ya dripu kwa muda mfupi. Ilionekana kuwa jambo la akili: damu haizunguki vizuri, basi ongeza maji mshipani. Hata hivyo, jambo hilo halikuwa limepimwa vya kutosha katika hospitali kama zetu.

Watafiti, wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland anayefanya kazi zake Kilifi, waliamua kulipima. Utafiti huo uliitwa FEAST, nao ulifanyika katika hospitali 6: moja Kilifi hapa Kenya, moja Muheza nchini Tanzania, na nne nchini Uganda, zikiwemo za Mbale na Soroti. Watoto 3,141 waligawanywa katika makundi matatu. Makundi mawili yalipewa maji ya haraka ya aina mbili tofauti. Kundi la tatu halikupewa maji ya haraka, bali lilipewa maji ya kawaida ya taratibu. Watoto wote walipewa dawa na uangalizi uliohitajika.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2011, nayo yaliwashangaza wengi. Katika makundi yaliyopewa maji ya haraka, watoto 10.6 na 10.5 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Katika kundi ambalo halikupewa maji ya haraka, waliofariki walikuwa 7.3 katika kila 100. Maana yake ni kwamba tiba iliyodhaniwa kuokoa ilikuwa ikiongeza vifo, takriban 3 zaidi kwa kila watoto 100. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa huduma ya dharura kwa watoto, unaowataka wahudumu wasiwape maji ya haraka watoto wenye dalili hizo ambao hawajafikia hali mahututi ya mshtuko wa mwili.

Hesabu miaka. Kuanzia 2011 hadi 2016 ni miaka 5. Katika muda huo, mhudumu aliyetegemea kitabu cha rafuni peke yake aliendelea kufanya alivyofundishwa, kwa nia njema kabisa. Mhudumu ambaye chuo chake kilimfunza kuyafikia majarida aliweza kusoma matokeo hayo mwaka ule ule yalipotolewa, akayajadili na wakuu wake wodini. Tofauti kati ya hao wawili haikuwa bidii wala huruma. Ilikuwa ni kufikiwa au kutofikiwa na elimu.

Tahadhari kwa mzazi: usiyasome maelezo haya ukakataa dripu hospitalini. Utafiti huo haukuwahusisha watoto wanaoharisha na kutapika, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua. Mtoto aliyeishiwa maji kwa kuharisha bado anahitaji kurudishiwa maji, na dripu inaweza kuokoa maisha yake. Hilo nalo ni sehemu ya somo: utafiti hujibu swali moja kuhusu wagonjwa wa aina fulani, na msomaji mzuri huuliza kwanza ni wagonjwa gani waliohusishwa.

ELIMU ILIVYOHAMA KUTOKA RAFUNI HADI KWENYE SIMU

Tatizo la majarida ni wingi wake. Tangu zamani hakuna daktari aliyeweza kuyasoma yote. Mwaka 1879 mkutubi na daktari mmoja wa jeshi la Marekani, John Shaw Billings, alianzisha orodha iliyoitwa Index Medicus, iliyopanga makala za tiba kulingana na mada ili msomaji azipate. Maktaba aliyoiongoza ndiyo iliyokuja kuwa Maktaba ya Kitaifa ya Tiba ya Marekani.

Orodha hiyo ilipozidi kunenepa, maktaba iliingiza kompyuta. Mwaka 1964 ilianza kutumia mfumo wa kompyuta uitwao MEDLARS, na mwaka 1971 ikaanzisha MEDLINE, ambao uliwezesha maktaba za mbali kuuliza maswali kupitia laini za mawasiliano. Mwaka 1996 ilizaliwa tovuti ya PubMed, na mwaka 1997 ikafunguliwa kwa umma bila malipo. Leo mwanafunzi wa uuguzi aliye na simu na bando anaweza kutafuta katika orodha ya makala zaidi ya milioni 35. Orodha hiyo hiyo ndiyo anayoitumia profesa wa chuo kikuu kilicho tajiri kuliko vyote duniani.

Lakini kuona jina la makala si sawa na kuisoma. PubMed huonyesha kichwa na muhtasari. Makala kamili mara nyingi imefungwa na mchapishaji, na kuifungua kunaweza kugharimu zaidi ya dola 30 kwa makala moja. Kwa mwanafunzi anayetegemea basari, huo ni mlango uliofungwa.

Ili kuufungua mlango huo, Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walianzisha mpango wa Hinari mwaka 2002. Kupitia mpango huu, ambao sasa uko chini ya mwavuli wa Research4Life, vyuo, hospitali na taasisi za utafiti katika nchi zenye kipato cha chini na cha wastani husoma maelfu ya majarida na vitabu bila malipo au kwa ada ndogo. Vyuo vya Kenya ni miongoni mwa vinavyonufaika. Taasisi hujisajili, na kwa kawaida mkutubi ndiye anayetunza nywila, anayewaonyesha wanafunzi jinsi ya kuingia, na anayefuatilia mambo yanapokwama. Hapa ndipo unapoona kwamba teknolojia bila mtu haifiki mbali. Chuo kinaweza kuwa na haki ya kusoma majarida yote hayo, lakini kama hakuna aliyewaambia wanafunzi, haki hiyo hubaki kwenye karatasi.

Na pale ambapo mtandao ni hafifu au haupo? Mradi wa eGranary, ulioanzia Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, ulinakili tovuti nyingi za elimu kwa idhini ya wenyewe na kuziweka katika kifaa kimoja cha kuhifadhia data. Chuo hukiunganisha na kompyuta zake za ndani, na wanafunzi husoma kana kwamba wako mtandaoni ilhali hakuna bando linalotumika. Ni teknolojia isiyo na mbwembwe, lakini inafaa sana mahali ambapo stima na mtandao hupotea mara kwa mara.

TEKNOLOJIA NYINGINE ZINAZOINGIA MAKTABANI

Maktaba za vyuo vya afya sasa hazitunzi maandishi peke yake. Nyingine zimekuwa mahali pa kujaribu vifaa vipya vya kufundishia kabla vyuo havijavinunua kwa wingi. Tutaje vitatu.

Kwanza, mwili wa binadamu katika kompyuta. Mwanafunzi wa tiba lazima aujue mwili wa mtu ndani na nje, lakini maiti za kujifunzia ni chache na kuzihifadhi ni gharama. Maktaba ya Kitaifa ya Tiba ya Marekani ilitoa mwaka 1994 picha za mwili mzima wa mwanamume, uliopigwa picha katika vipande vyenye unene wa milimita 1, na mwaka 1995 zikafuata za mwanamke. Miili yote miwili ilikuwa imetolewa kwa ajili ya sayansi. Picha hizo zikiunganishwa kwenye kompyuta, mwanafunzi anaweza kuuzungusha moyo, kuufungua, kuufunga na kurudia mara kumi bila kuharibu chochote. Tangu hapo zimetengenezwa programu nyingi za namna hiyo. Siku hizi baadhi ya maktaba zina hata mashine zinazochapisha vitu vya kushikika badala ya karatasi, kama vile mfupa wa plastiki ambao mwanafunzi anauazima kama anavyoazima kitabu.

Pili, miwani ya uhalisia pepe. Hii ni miwani mikubwa inayofunika macho, na anayeivaa hujiona yuko mahali pengine. Maktaba ya Chuo Kikuu cha New England, katika jimbo la Maine nchini Marekani, iliitumia kuwafundisha wanafunzi wa udaktari namna ya kuwaelewa wazee. Mwanafunzi akivaa miwani hiyo huwa ndiye mzee Alfred, mwenye umri wa miaka 74. Katikati ya macho yake pana doa jeusi kwa sababu ya ugonjwa wa macho, na masikio yake hayasikii vizuri. Watu wanazungumza naye na hawasikii sawasawa. Anatazama kitu kilicho mbele yake na hakioni. Ripoti ya kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2018, na ilieleza kuwa wanafunzi waliielewa zaidi hali ya wazee wenye matatizo ya kuona na kusikia.

Tulitazame jambo hilo hapa kwetu. Nyanya anafika zahanati, muuguzi anamwuliza swali, naye anakaa kimya au anajibu jingine. Muuguzi aliyechoka anaweza kudhani ni ukaidi. Aliyewahi kukaa dakika kumi ndani ya macho na masikio ya mzee Alfred atasogea karibu, atazungumza polepole, na atahakikisha nyanya ameuona mkono unaomwonyesha dawa. Vifaa hivyo ni ghali na si kila chuo kitavipata karibuni. Hata hivyo, somo lenyewe linaweza kufundishwa kwa miwani ya kawaida iliyopakwa mafuta katikati ya vioo na pamba masikioni.

Tatu, akili unde, yaani AI. Hizi ni programu zinazojibu maswali kwa lugha ya kawaida kana kwamba unazungumza na mtu. Wanafunzi wengi tayari wanazitumia. Zinaweza kufafanua jambo gumu kwa maneno mepesi au kufupisha makala ndefu. Hatari yake ni kwamba zinaweza kutunga jibu lisilo kweli na kulisema kwa ujasiri. Imeshuhudiwa mara nyingi programu hizi zikitaja makala za utafiti ambazo hazikuwahi kuandikwa, zikiwa na kichwa, mwaka na majina ya waandishi. Kwa hiyo maktaba nyingi sasa zinafundisha kanuni moja: lolote utakaloambiwa na akili unde kuhusu tiba, litafute lilikotoka. Kama makala iliyotajwa haipatikani PubMed wala kwenye tovuti ya jarida lenyewe, usiitumie kwa mgonjwa.

MKUTUBI ANAFUNDISHA NINI?

Watu wengi hudhani kazi ya mkutubi ni kupiga mihuri na kuwanyamazisha wanaopiga kelele. Katika chuo cha afya, mkutubi ni mwalimu. Hizi hapa hatua nne anazowafundisha wanafunzi.

Hatua ya kwanza: uliza swali lililo wazi. Swali zuri lina sehemu nne: mgonjwa ni nani, tiba ni ipi, inalinganishwa na nini, na matokeo yanayotafutwa ni yapi. Kwa mfano wetu swali lingekuwa hivi: kwa mtoto mwenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, je, maji ya haraka ya dripu yakilinganishwa na maji ya taratibu hupunguza vifo? Ukiuliza tu "dripu ni nzuri?" utapata majibu elfu yasiyokusaidia.

Hatua ya pili: tumia jina sahihi. Mmoja wetu husema presha, mwingine shinikizo la damu. Hata watafiti huandika jambo moja kwa majina tofauti. Tangu mwaka 1960 wakutubi wa tiba wamekuwa na orodha maalum ya majina, iitwayo MeSH, inayoyaleta pamoja maneno yenye maana moja. Mwanafunzi anayeijua hupata kwa dakika tano kile ambacho mwenzake atakitafuta mchana kutwa.

Hatua ya tatu: pima uzito wa ushahidi. Simulizi la mtu mmoja aliyepona ni ushahidi mwepesi. Utafiti unaolinganisha makundi yaliyogawanywa kwa bahati nasibu, kama ule wa FEAST, ni mzito zaidi. Mapitio yanayokusanya tafiti zote nzuri kuhusu swali moja ni mazito zaidi ya hapo. Mtandao wa Cochrane, ulioanzishwa mwaka 1993, hufanya kazi ya kuandaa mapitio ya namna hiyo.

Hatua ya nne: hakikisha makala haijafutwa. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapisha makala kuhusu watoto 12, iliyowafanya watu waamini kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela husababisha usonji. Uchunguzi ulionyesha kuwa makala hiyo ilikuwa na udanganyifu, na mwaka 2010 jarida likaifuta. Utafiti wa Denmark uliotolewa mwaka 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000, haukupata uhusiano wowote kati ya chanjo hiyo na usonji. Hata hivyo uvumi ule bado unazunguka kwenye simu hadi leo, na kuna wazazi wanaowanyima watoto chanjo kwa sababu yake. PubMed huweka alama wazi kwenye makala zilizofutwa. Mwanafunzi aliyefunzwa vizuri huitazama alama hiyo kwanza.

WEWE MKAZI UNAWEZA KUFANYA NINI?

Huenda hutaingia katika maktaba ya chuo cha afya maishani mwako. Lakini hatua hizo zinakufaa hata ukiwa sebuleni. Ujumbe wa afya ukikufikia kwenye WhatsApp, kabla hujautuma kwa kikundi cha familia au cha chama, jiulize maswali haya:

• Ni nani aliyeuandika? Je, jina lake na taasisi yake vimetajwa na vinaweza kuthibitishwa?
• Ni wa lini? Ujumbe usio na tarehe unaweza kuwa wa miaka kumi iliyopita.
• Unategemea nini? Ni simulizi la mtu mmoja au ni utafiti?
• Kuna anayeuza kitu? Kama mwisho wa ujumbe kuna dawa ya kununua, ongeza tahadhari.
• Unakuambia uache dawa ulizopewa hospitalini? Usiache kabla hujazungumza na mhudumu wa afya.

Kwa wanaotaka kusoma zaidi, Maktaba ya Kitaifa ya Tiba ya Marekani ina tovuti nyingine iitwayo MedlinePlus, iliyoanzishwa mwaka 1998 kwa ajili ya watu wa kawaida. Haitozi chochote, haina matangazo ya biashara, na ina ukurasa wenye maelezo ya baadhi ya magonjwa kwa Kiswahili. Ukikutana na jambo usilolielewa, liandike na umwulize mhudumu wa afya ya jamii anapokutembelea nyumbani au muuguzi unapokwenda kliniki. Kuuliza si ujinga. Unaweza kusema kwa heshima, "Daktari, kuna mwongozo wowote mpya kuhusu ugonjwa huu?" Mhudumu mzuri hatakasirika.

Kama una mwana au binti katika chuo cha afya, mwulize akija likizo: je, mmefundishwa kutumia Hinari na PubMed? Unamjua mkutubi wenu? Kama jibu ni la, mhimize aende akaulize. Huduma huenda ipo na hajui.

Aidha, kumbuka haki zako. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Nalo Jedwali la Nne limekabidhi serikali za kaunti vituo vya afya vya kaunti pamoja na maktaba za umma. Wahudumu wetu wakishahitimu hawana tena mkutubi wa chuo kando yao, ilhali elimu ya tiba inaendelea kubadilika. Kwa hivyo vikao vya ushirikishaji wa umma kuhusu bajeti na Mpango wa Maendeleo ya Kaunti (CIDP) vikiitishwa katika wadi yako, una haki ya kuuliza: je, kituo chetu cha afya kina mtandao wa kuwawezesha wahudumu kusoma miongozo mipya? Wanapata muda wa mafunzo ya kazini? Maktaba ya umma iliyo karibu nasi ina kona ya vitabu na habari za afya? Maswali ya aina hiyo ni ya msingi sawa na swali la dawa na ambulensi.

MUHTASARI

Elimu ya tiba hubadilika, na mabadiliko hayo yanaweza kuwa tofauti ya kufa na kupona. Maktaba ya chuo cha afya ndiyo daraja kati ya utafiti na mhudumu. Teknolojia kama PubMed, Hinari, miili ya kidijitali, miwani ya uhalisia pepe na akili unde huipanua njia hiyo, lakini zinahitaji mtu wa kufundisha namna ya kuuliza, kutafuta na kupima. Mtu huyo mara nyingi ni mkutubi.

JIPIME

1. Kwa nini kitabu cha tiba peke yake hakimtoshi mhudumu wa afya?
2. Utafiti wa FEAST ulionyesha nini, na ni watoto gani ambao haukuwahusisha?
3. Taja sehemu nne za swali zuri la kutafuta habari za tiba.
4. Ni hatari gani kutegemea akili unde bila kuthibitisha?
5. Umepokea ujumbe unaosema chanjo ya surua huleta usonji. Utamjibu vipi aliyekutumia?

MAJIBU

1. Kitabu huchukua miaka kuandikwa na kuchapishwa, ilhali utafiti mpya hutolewa kila wiki.
2. Maji ya haraka ya dripu yaliongeza vifo kwa watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Haukuwahusisha wanaoharisha na kutapika, wenye utapiamlo mkali, wala walioungua.
3. Mgonjwa, tiba, kinacholinganishwa, na matokeo.
4. Inaweza kutunga majibu na hata kutaja makala zisizokuwepo.
5. Mweleze kwa upole kwamba makala iliyoanzisha uvumi huo ilihusu watoto 12 tu na ilifutwa mwaka 2010, na kwamba uchunguzi wa watoto zaidi ya 650,000 haukupata uhusiano wowote. Kisha mhimize ampeleke mtoto kliniki akapate chanjo.

Ukimaliza kulisoma toleo hili, usilifungie kabatini. Mpe jirani, au liache zahanati kwenye benchi la kusubiria, ili na mwingine ajifunze akingoja zamu yake.